Karani wa reli na daftari la mwanafunzi: jinsi somo la Maangamizi ya Wayahudi linavyomfanya kijana ajitazame

Katika nyaraka zote ambazo mwalimu anaweza kuingia nazo darasani anapofundisha Maangamizi Makuu ya Wayahudi, iliyo nzito kuliko picha yoyote ya maiti ni bei ya tiketi ya treni. Shirika la reli la Ujerumani, Deutsche Reichsbahn, liliwapeleka Wayahudi kwenye kambi za mauaji ndani ya mabehewa ya mizigo, lakini likatoza nauli ya abiria wa daraja la tatu: pfennig 4 (senti za Kijerumani) kwa kila kilomita kwa mtu mzima. Mtoto wa chini ya miaka 10 alitozwa nusu. Wa chini ya miaka 4 alisafiri bure. Kundi likifikia watu 400, nauli ilishushwa kwa nusu. Kwa abiria tiketi ilikuwa ya kwenda tu. Walinzi walikatiwa ya kwenda na kurudi.

Mpe mwanafunzi wa kidato cha tatu mistari hiyo bila hotuba yoyote, ukae kimya. Maswali yatakuja yenyewe. Nani alipiga hesabu hiyo? Umri wa watoto aliupata wapi? Aliyegonga mhuri alikuwa na watoto wake nyumbani? Jioni alikula nini? Tafakuri huanzia hapo, na inafaa kueleza kwa nini inaanzia hapo na si penginepo.

Wengi huamini kwamba somo hili humbadilisha mtoto kwa kumhuzunisha. Ndiyo maana baadhi ya walimu huanza na picha za kutisha, machozi yakitoka darasani wakaona kazi imekwisha. Huzuni ile haidumu hata mpaka kengele ya mapumziko. Kinachobaki ni pale kijana anapokutana na mtu wa kawaida, mwenye kazi ya kawaida, katika tarehe inayojulikana, akiwa bado ana nafasi ya kuchagua, kisha aone alichagua nini. Bila maelezo hayo madogo ya kweli, mwanafunzi hana cha kujipimia.

Kwanza mambo ya msingi, maana mwenye tarakimu mbovu hutafakari jambo ambalo halikutokea. Kati ya 1933 na 1945 utawala wa Wanazi (chama cha Hitler kilichotawala Ujerumani) na washirika wao waliwaua Wayahudi wapatao milioni 6, na karibu milioni 1.5 kati yao walikuwa watoto. Kwa jumla ya Wayahudi wote waliouawa, Wajerumani walikuwa sehemu ndogo. Poland peke yake ilipoteza karibu milioni 3. Wala si wote waliofia katika vyumba vya gesi. Takriban milioni 2 walipigwa risasi kandokando ya miji na vijiji vyao huko Ulaya ya Mashariki, kama ilivyokuwa Babi Yar mjini Kyiv, ambako watu 33,771 waliuawa kwa siku mbili tu, tarehe 29 na 30 Septemba 1941. Wanazi waliwaua pia Waroma (jamii ya wachache ya Ulaya, si watu wa mji wa Roma), watu wenye ulemavu na mamilioni ya mateka wa kivita wa Kisovieti, kila kundi kwa sababu zake na kwa utaratibu wake. Mwalimu asizivuruge habari hizo zikawa uji mmoja.

Kizuizi kikubwa cha tafakuri ni jina moja: Hitler. Nchini Uingereza somo hili limekuwa la lazima katika mtaala tangu 1991. Hata hivyo, watafiti wa University College London walipowahoji zaidi ya wanafunzi 8,000 na kutoa matokeo mwaka 2016, walikuta wengi wakimtwika Hitler mzigo wote peke yake, na asilimia 68 hawakujua neno la Kiingereza linalotumika kwa chuki dhidi ya Wayahudi, antisemitism, lina maana gani. Wengi pia hudhani Ujerumani ilikuwa imejaa Wayahudi. Mwaka 1933 hawakufika hata asilimia moja ya wananchi. Mtoto anayesema "ni Hitler" hajakosea kabisa, ila amefunga mlango. Kama alikuwa shetani mmoja, na shetani amekufa, basi mimi nijitafakari nini?

Zoezi linalofungua mlango huo halihitaji vifaa vya bei. Chukua karatasi ngumu, kata kadi 10, na kwenye kila kadi andika amri moja au tukio moja bila tarehe. Kususiwa kwa maduka ya Wayahudi (1 Aprili 1933). Kufukuzwa kwao katika utumishi wa umma (7 Aprili 1933). Sheria za Nuremberg zilizowavua uraia na kupiga marufuku ndoa kati yao na Wajerumani wengine (15 Septemba 1935). Amri ya kumwongezea kila mwanamume jina "Israel" na kila mwanamke "Sara" (17 Agosti 1938). Herufi J nyekundu, ya Jude yaani Myahudi, kwenye pasi za kusafiria (Oktoba 1938). Usiku wa 9 kuamkia 10 Novemba 1938, masinagogi yalipochomwa na wanaume wapatao 30,000 kukamatwa. Watoto kuondolewa katika shule za umma, siku chache baadaye. Kunyang'anywa redio (Septemba 1939). Nyota ya njano kwa kila aliyetimiza miaka 6 (Septemba 1941). Kukatazwa kufuga hata mbwa au paka (1942).

Vikundi vya wanafunzi wanne au watano hupanga kadi kwa mfuatano wanaoudhani, kisha mwalimu anatoa tarehe. Wengi hushangaa jinsi mambo yalivyokwenda polepole, miaka minane na zaidi kati ya duka kususiwa na nyota kushonwa kifuani. Halafu inakuja sehemu yenyewe: nyuma ya kila kadi waandike kazi ya mtu ambaye bila yeye amri ile isingetekelezeka. Jibu "Hitler" halikubaliwi, wala "Wanazi", wala "serikali". Inatakiwa kazi, kama vile mtu angejaza kwenye fomu. Ubao unajaa haraka: msajili wa vizazi na vifo, mwalimu mkuu, karani wa pasi, mwenye kiwanda cha kuchapa vitambaa, polisi wa mtaa, mhariri, hakimu, zimamoto aliyeambiwa alinde nyumba za jirani tu na kuacha sinagogi liungue. Wanafunzi wenye wazazi walimu, askari au makarani hunyamaza hapo. Usiwasemeshe. Wape dakika mbili.

Zoezi hili lina mtego wake. Kadi zikishapangwa mstarini, huonekana kama ngazi iliyojengwa tangu mwanzo kwa mpango mmoja, na mtoto akaona hakuna aliyeweza kufanya lolote. Si kweli. Mwaka 1935 hakuna aliyekuwa na mchoro wa kambi ya mauaji ya Auschwitz mkononi. Kwa hiyo simama kwenye kila kadi na kuuliza: siku hiyo, nini kilikuwa bado kinawezekana? Kwenye kadi za 1938 ongeza mkutano wa Évian, Ufaransa, wa Julai mwaka huo: nchi 32 zilikaa kujadili wakimbizi wa Kiyahudi, na karibu zote zikaondoka zikiwa hazijaongeza nafasi za kuwapokea. Kenya ya kikoloni ilipokea familia chache tu. Wanafunzi huelewa ghafla kwamba watazamaji hawakuwa Wajerumani peke yao.

Utetezi ambao vijana huutoa kila mara ni huu: "Wangekataa, wangeuawa." Usiupuuze, maana kwa raia wa Poland aliyemficha Myahudi ulikuwa ukweli, adhabu yake ilikuwa kifo, mara nyingine kwa familia nzima. Lakini kwa wauaji wenyewe habari ni tofauti, na kisa cha Józefów kinaonyesha hivyo. Alfajiri ya 13 Julai 1942, Kikosi cha 101 cha polisi wa akiba, wanaume wapatao 500, wengi wa umri wa kati waliotolewa kwenye kazi zao mjini Hamburg, walipangwa mstari katika kijiji hicho cha Poland. Kamanda wao, Meja Wilhelm Trapp, akiwa anatokwa na machozi, aliwaeleza kwamba kazi ya siku ile ni kuwaua wanawake, watoto na wazee. Kisha akasema wale wenye umri mkubwa wasioiweza kazi hiyo wajitenge. Walijitenga kama kumi na wawili. Hawakupigwa risasi wala kufungwa. Walipewa kazi nyingine. Waliobaki waliua watu wasiopungua 1,500 kabla ya jua kuzama. Katika kesi zilizofuata baada ya vita, mawakili wa utetezi hawakuweza kuonyesha hata Mjerumani mmoja aliyeuawa kwa sababu tu ya kukataa kuua raia wasio na silaha.

Kwa nini basi hawakutoka wengi? Waache wanafunzi wahangaike na swali hilo kipindi kizima. Watataja woga, utiifu, chuki waliyolishwa miaka tisa. Wengine watafika mahali ambapo watafiti wenyewe walifika: kuogopa kuonekana dhaifu mbele ya wenzao, kuwaachia wenzao kazi chafu. Hakuna kijana wa miaka 15 asiyeijua hofu hiyo. Mwalimu hana haja ya kusema "nanyi mnafanya hivyo bwenini". Wameshajua, na akisema atakuwa amewapokonya kile walichokifikia wenyewe.

Upande wa watazamaji, tafuta picha za mji mdogo wa Lörrach, kusini magharibi mwa Ujerumani. Tarehe 22 Oktoba 1940 Wayahudi wa eneo lote la Baden, pamoja na wa mji huo, walikusanywa na kupelekwa kambi ya Gurs nchini Ufaransa. Polisi walipiga picha. Wazee wanapandishwa kwenye malori mchana kweupe, mizigo mkononi, na raia wamesimama pembeni wakitazama. Picha za baadaye zinaonyesha mnada wa hadhara wa vyombo vya waliochukuliwa, na umati umesongamana kuvigombea. Weka picha moja tu mezani, si kumi. Funika nusu yake kwa karatasi, wanafunzi waeleze wanachokiona kabla ya kusema wanachokihisi: wamesimama wangapi, nani anatazama wapi, nani ameshika nini. Ukifunua nusu ya pili, swali moja linatosha: aliyenunua shuka katika mnada ule, je, usiku alijua analalia shuka la nani?

Hapa ndipo methali yetu "mwenzako akinyolewa, wewe tia maji" inapopata kazi. Tunaitumia kumwonya mtu ajiandae. Darasani iulizwe upya: je, methali inakutaka utazame kichwa chako tu? Na huyo mwenzako, nani alimuuliza kinyozi kisa na sababu? Wanafunzi wa Kiswahili huligeuza jambo hili vizuri kuliko swali lolote la kuazima, kwa sababu ni maneno waliyoyasikia jikoni kwao.

Waokoaji nao wafundishwe, kwa kipimo. Yad Vashem, taasisi ya kumbukumbu iliyoko Jerusalem, imewatambua zaidi ya 28,000. Mwezi Oktoba 1943 raia wa Denmark waliwavusha Wayahudi wapatao 7,200 kwa mashua za uvuvi hadi Sweden. Chiune Sugihara, balozi mdogo wa Japani mjini Kaunas, Lithuania, alitoa zaidi ya viza 2,000 mwaka 1940 kinyume na maagizo ya wizara yake. Lakini somo likianza na kuisha kwa mashujaa, kila mwanafunzi atajiona shujaa, na hiyo si tafakuri. Ulaya ilikuwa na mamia ya mamilioni ya watu. 28,000 ni wachache mno. Faida ya waokoaji ni kuthibitisha kwamba nafasi ilikuwepo: karani mwingine, mhuri uleule, akaamua kuugonga kwa namna nyingine.

Sasa daftari. Asasi ya Facing History and Ourselves, iliyoanzishwa Brookline, Marekani, mwaka 1976, ndiyo iliyoeneza sana matumizi ya daftari la tafakuri katika somo hili, na utaratibu wake ni rahisi. Kurasa za kushoto ni za ukweli: tarehe, majina, kilichotokea. Za kulia ni za mwanafunzi mwenyewe. Dakika 5 hadi 7 za mwisho wa kipindi, kimya, kila mtu anaandika upande wa kulia. Asiyetaka mwalimu asome anakunja ukurasa, na mwalimu haufunui. Akifunua mara moja tu, daftari limekufa. Kuanzia siku hiyo ataletewa anachopenda kusikia. Alama zitolewe kwa upande wa kushoto peke yake. Tafakuri yenye alama hugeuka insha ya kujipendekeza.

Swali linaloharibu daftari kuliko yote ni "Wewe ungefanya nini?" Wote watajibu wangewaficha Wayahudi darini. Badala yake uliza matatu, na yote yamhusu mtu mmoja halisi: siku ile alikuwa anajua nini? Angeweza kufanya nini kingine? Kingemgharimu nini? Baada ya vipindi viwili au vitatu vya kujizoesha, lete la nne, na hili halisomwi kwa sauti kamwe: ni lini mara ya mwisho nilijua jambo si sawa, nikaendelea na shughuli zangu?

Tafakuri ya kweli hutambulika. Sentensi ambayo mtoto angeweza kuiandika bila kuhudhuria kipindi hata kimoja, kama "tusibaguane, sote ni binadamu", ni njema lakini haikutoka kwenye somo. Sentensi kama "sikujua kwamba msajili angeweza kuchelewesha faili" imetoka kwenye somo. Ya pili haina mapambo, na ndiyo ya kuitunza.

Igizo ni kosa ambalo hurudi kila mwaka mahali fulani duniani. Mwalimu mwenye nia nzuri huwagawa wanafunzi, hawa Wayahudi, hawa walinzi, akizima taa na kuwasonga kwenye kona "wahisi ilivyokuwa". Makumbusho ya Maangamizi ya Wayahudi ya Marekani, jijini Washington, yanalikataza katika miongozo yao kwa walimu, na sababu ziko wazi: mtoto hutoka akidhani amejua, ilhali alichojua ni mchezo; wengine hufurahia kuwa walinzi; na aliyepitia ukatili nyumbani au vitani hutoneshwa kidonda. Picha za maiti nazo humvunjia heshima aliyekufa na kumfanya mtoto afumbe macho, au acheke kwa kukosa la kufanya. Na tusianze na kifo. Wayahudi walikuwa na harusi, timu za mpira, ugomvi wa madukani. Katika makumbusho hayo ya Washington upo mnara wa picha zipatazo 1,000 za watu wa mji mmoja tu, Eishishok nchini Lithuania, zilizopigwa kabla ya vita. Jamii ile iliangamizwa Septemba 1941. Aliyetazama kwanza harusi anaelewa kilichopotea.

Kwa msomaji wa Kiswahili yupo mtu mmoja wa kuanza naye, ingawa hakuwa Myahudi na kisa chake kiwekwe mahali pake, miongoni mwa wahanga wengine wa ubaguzi wa Kinazi. Bayume Mohamed Husen alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1904. Akiwa mtoto alitumikia jeshi la Wajerumani katika Vita vya Kwanza vya Dunia, akafika Berlin mwaka 1929 kudai malipo yake ya jeshini, akabaki. Alikuwa mhudumu hotelini, mwigizaji wa filamu, na mwalimu msaidizi wa Kiswahili katika chuo kikuu cha jiji hilo. Mwaka 1941 alikamatwa kwa uhusiano na mwanamke Mjerumani, akapelekwa kambi ya Sachsenhausen, akafia huko tarehe 24 Novemba 1944. Katika barabara ya Brunnenstraße, Berlin, limefukiwa jiwe dogo la kumbukumbu lenye bamba la shaba la sentimita 10 kwa 10 lenye jina lake, moja kati ya zaidi ya mawe 100,000 ya aina hiyo yaliyowekwa Ulaya na msanii Gunter Demnig tangu 1992. Shule nyingi za Ujerumani huwapa wanafunzi kazi ya kuchimba habari za jiwe moja la mtaani kwao. Watoto wa familia za Waswahili wanaosoma huko wanaweza kulichagua hili, na maswali ni yaleyale: nani alimshtaki? Chuoni walioketi naye meza moja walisema nini kiti chake kilipobaki wazi?

Mpango unaotosha ni vipindi 6 vya dakika 40: maisha ya kabla, kadi, Józefów, picha ya Lörrach, waokoaji pamoja na kisa cha mtu mmoja kama Husen, na cha mwisho kwa ajili ya mauaji ya kimbari mengine. Hicho cha mwisho kinahitaji uangalifu zaidi katika Rwanda, Burundi na mashariki ya Kongo, ambako dawati moja huweza kuwakalisha mjukuu wa manusura na mjukuu wa muuaji. Usilinganishe mateso, nani aliumia zaidi. Linganisha utaratibu: kuwaita watu wadudu na panya, orodha, vituo vya ukaguzi, redio, viongozi wa ngazi ya mtaa. Jumba la kumbukumbu la Gisozi mjini Kigali, lililofunguliwa 2004, lina sehemu inayoweka Maangamizi ya Wayahudi na mauaji mengine ya kimbari kando ya yale ya Rwanda ya 1994, na huo ni mfano mzuri wa kuyataja pamoja bila kuyachanganya.

Hati ya kusoma katika kipindi hicho ilitoka Arusha. Tarehe 2 Septemba 1998 mahakama ya kimataifa iliyokaa mji huo ilimtia Jean-Paul Akayesu hatiani, hukumu ya kwanza duniani ya mahakama ya kimataifa kwa kosa la mauaji ya kimbari, kosa lililopewa jina na Raphael Lemkin, mwanasheria Myahudi kutoka Poland, mwaka 1944. Akayesu alikuwa meya wa Taba, Rwanda. Mahakama iliona kwamba mauaji yalipoanza Aprili 1994 alijaribu kuyazuia katika eneo lake. Tarehe 18 mameya walikutana na serikali ya mpito huko Gitarama. Alfajiri ya tarehe 19, huko Gishyeshye, alisimama mbele ya umati na kuwahimiza wamwangamize adui. Wanafunzi wapewe tarehe hizo mbili na maswali matatu waliyokwisha kuyazoea, na waambiwe pia kazi aliyokuwa akiifanya kabla ya siasa: alikuwa mwalimu, kisha mkaguzi wa shule za msingi.